Mwanza ziwa tunalo, mawe tunayo, ila mtoto hana kivuli cha kukaa. Tulijadili hili

Mjukuu wa Isamilo (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Kuna jamaa kazini tumebishana naye sana. Yeye anasema habari za mazingira asilia na afya ya binadamu ni za Wazungu waliojifungia maghorofani. Sisi wa Mwanza tumezaliwa humo humo, ziwa lipo, mawe yapo, upepo wa jioni haulipiwi. Mimi nasema ziwa la kutazama kwa mbali halimfai mtu asiye na pa kukaa karibu nalo. Mtoto wa Igogo au Mabatini akifungua mlango analiona ziwa lote, halafu anashuka njia za mawe hadi shuleni bila kupita chini ya mti hata mmoja. Mchana bati linawaka. Lile jabali nyuma ya nyumba linakunywa jua kutwa, usiku linalirudisha chumbani. Akitaka kugusa maji aende mwaloni, wavuvi wanakotia mitumbwi, kwenye matope na mafuta ya injini, au agonge ukuta wa mtu.

Kwa nini naiita afya wakati wengine wanaiita urembo wa mji? Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha kazi fupi ambayo watu hawajaacha kuizungumzia. Alipekua mafaili ya hospitali moja ya Pennsylvania, ya wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Huduma ni ileile, vyumba vinafanana, tofauti ni dirisha: wengine lilitazama miti, wengine lilitazama ukuta wa matofali. Akawapanga wawili wawili wanaolingana umri, jinsia na mengineyo, jozi 23. Waliotazama miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wenzao 8.70, na dawa kali za maumivu walizitumia kwa uchache zaidi. Hakuna aliyepelekwa msituni wala aliyelipa kiingilio. Ni dirisha tu.

Nimeanza na dirisha makusudi, maana kila tukigusa mada hii hapa mjini mtu anakutajia kisiwa cha Saanane. Naipenda Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kilometa za mraba 2.18 tu, unaiona ukiwa Capri Point. Lakini ile ni boti, ni kiingilio, ni Iddi na Pasaka. Utafiti uliotoka 2019 kwa watu karibu 20,000 wa England ulikuta kwamba waliofikisha dakika 120 kwa wiki kwenye bustani, misitu au fukwe walijieleza kuwa na afya nzuri na kuridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama ni kwa mkupuo au kidogo kidogo. Gawanya kwa siku saba, ni robo saa na ushee. Hiyo robo saa mama wa Buhongwa anaipatia wapi bila nauli?

Msimamo wangu: mti mmoja wa uani, wa shuleni au wa nje ya wodi unamfaa mtu kuliko hifadhi nzima anayoenda kupigia picha. Leteni hoja.

Kisamvu cha Nazi

Nimekaa mstari wa mbele. Ngoja waje wataalamu.

Baba Nkwabi

Mleta uzi umeandika vizuri ila umewaandikia walioshiba. Muuza dagaa wa Kirumba ukimwambia akae chini ya mti dakika 120 atakuuliza huo mti unalipa kodi ya chumba? Pili, hao Waingereza wako: wenye afya ndio wanaotoka kutembea, mgonjwa kalala ndani. Unajuaje kipi kimemleta mwenzake? Mimi ni mtu wa duka, mahesabu ya namna hiyo siyanunui.

Mjukuu wa Isamilo

Mkuu, hilo la pili ni swali la haki kabisa, na utafiti ule peke yake hauwezi kulijibu. Ndiyo maana wengine wakafanya majaribio. Mwaka 2008, Marc Berman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwatembeza wanafunzi karibu saa nzima kwenye bustani ya miti, na siku nyingine watu walewale wakatembezwa katikati ya mji. Kabla na baada walitajiwa tarakimu wazirudishe kinyumenyume. Wakitoka kwenye miti walizirudisha vizuri zaidi. Wakitoka mjini hakuna cha maana kilichobadilika. Kilichonivutia ni hiki: waliotembea msimu wa baridi kali hawakuyafurahia yale matembezi hata kidogo, na bado walipata faida ileile. Kwa hiyo usiniambie ni raha ya kupunga upepo tu.

Maelezo yake yalitolewa na mtu na mkewe, Stephen na Rachel Kaplan, wa chuo hicho hicho. Kuna umakini wa kujilazimisha, ule wa kufanya hesabu au kuvuka barabara ya Igoma huku unakwepa bodaboda na umeshika simu mfukoni isije ikaenda. Huo unachoka. Majani yanayotikisika na maji yanayocheza yanavuta macho bila kukulazimisha, na wakati huo ule mwingine unapumzika.

La walioshiba nalikataa. Muuza dagaa yuko juani toka alfajiri, yeye ndiye mwenye shida ya kivuli. Mwaka huohuo 2008 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa vifo vya England: pengo kati ya maskini na wenye nazo lilikuwa dogo zaidi kwenye maeneo yenye kijani kingi. Tajiri ana bustani yake ndani ya geti. Mti wa umma ni wa nani kama siyo wa asiye na geti?

Sista Mstaafu

Nimefanya kazi wodini hapahapa Mwanza mpaka nikastaafu, hospitali siitaji.

Wodi za zamani zilikuwa na veranda ndefu na madirisha pande mbili, hewa inaingia huku inatokea kule. Sisi wauguzi tulijua bila kusoma utafiti wowote kwamba wagonjwa wa mifupa wanagombania vitanda vya upande wa mti. Aliyewekewa vyuma mguuni analala wiki na wiki, dari ameshaikariri yote.

Kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi, mguu umening'inizwa kwa mawe ya uzito. Nje ya dirisha lake ndege fundichuma wakaanza kujenga. Wale ndege mnawajua, kiota chao ni kikubwa kupita kiasi, vijiti, matope, kipande cha wavu, chochote. Mzee akajipa kazi ya kuwasimamia. Daktari akipita raundi asubuhi, kabla hajaulizwa maumivu yakoje anatoa ripoti: leo wameezeka, leo kunguru kaja kuiba wakamtimua. Kuna siku tulimsahau na sindano ya maumivu mpaka zamu ikabadilika, tukakuta hata yeye hajaikumbuka. Sisemi ndege alimponya mguu. Nasema yule mzee alikuwa na jambo la kumwamsha asubuhi, na jirani yake wa kitanda cha upande wa pili alikuwa na ukuta.

Baadaye upande wa veranda ulizibwa ukawa ofisi, na mti ukakatwa kupata maegesho ya magari. Ndugu wa wagonjwa waliokuwa wanapika na kulala chini yake sasa wanakaa kwenye lami.

Kisamvu cha Nazi

Sista hiyo ya kunguru kuiba imeniacha hoi 😂 Mzee alikuwa mlinzi wa zamu.

Mwalimu Kulwa

Nafundisha darasa la pili na la nne, upande wa Igoma. Watoto wangu wamezidi mia kwenye chumba kimoja, kwa hiyo nikisema natoka nao nje msidhani ni ubunifu, ni kutafuta hewa. Tuna mijohoro miwili na mwarobaini mmoja.

Kwanza nitoe kero yangu. Sisi walimu ndio tumewachukiza watoto mazingira. Mtoto amechelewa: kamwagilie miti. Amepiga kelele: kafyeke. Hajaleta ufagio: kaokote majani. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shamba la shule liwe darasa, mtoto alime huku anajifunza kwa nini anaweka mbolea hapa na pale haweki. Lilipofika chini likageuka adhabu. Mtu mzima aliyekuzwa hivyo, ukimwambia apande mti anakumbuka viboko.

Sasa faida. Somo la kusoma nalifanya chini ya mjohoro baada ya mapumziko, saa ambayo darasani wanasinzia na joto la bati. Wale wanaopiga wenzao darasani, nje wanapata nafasi ya kunyoosha miguu na vita vinapungua. Kuna utafiti wa Barcelona wa 2015, watoto 2,593 wa miaka 7 hadi 10 walifuatiliwa mwaka mzima. Shule zenye kijani kingi, kumbukumbu ya papo kwa papo ya watoto ilikua haraka zaidi. Lakini msikimbilie kusema ni uchawi wa majani, watafiti wenyewe waliona sehemu ya faida ile inatokana na moshi mdogo wa magari. Shule yangu iko kandokando ya barabara kubwa, kwa hiyo hapo nilitega sikio vizuri.

Na kuna vitu darasani huwezi kuvifundisha. Mwezi wa sita niliwatoa darasa la nne, saa sita na nusu mchana, tukachora kivuli cha mlingoti wa bendera kwa chaki. Kimeangukia kusini. Mwezi wa kumi na moja tukarudi saa ileile: kimeangukia kaskazini! Wakabishana mpaka wengine wakasema bendera imehamishwa. Sisi tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linatuvuka mara mbili kwa mwaka. Ningeliandika hilo ubaoni wangelikariri na kulisahau. Mpaka leo wananifuata na vivuli vyao.

Shida zipo. Upepo unapeperusha madaftari, mbuzi wa jirani wanakula mpaka chati za ukutani, na ukipata mgeni wa ukaguzi anauliza mbona watoto wako nje.

Miwani

Mwalimu hapo umenigusa, mimi ni mtu wa macho. Achana na akili na furaha, jicho lenyewe linahitaji nje. Guangzhou, China, walichukua shule 12, watoto wa miaka sita hivi. Nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, walioanza kuona karibu tu na siyo mbali walikuwa asilimia 30.4 upande wa nje, asilimia 39.5 kule kwingine. Matokeo yalitoka 2015.

Sababu inayoaminika ni mwanga. Ndani ya chumba unapata mia chache za luksi (kipimo cha mwanga), nje ni elfu nyingi, hata kivulini. Mwanga huo unafanya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho, itoe kemikali ya dopamini, nayo inazuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kwa hiyo siyo lazima mtoto akaangwe na jua. Kivuli cha mjohoro kinatosha kabisa, tena hicho ndicho bora.

Wazazi wa Mwanza mnaowafungia watoto ndani na simu kuanzia Jumamosi asubuhi, miwani ninazo.

Mtu wa Maabara

Uzi mzuri ila kuna kitu kinaniudhi. Mnachukua utafiti wa England unaosema "fukwe" mnaubandika Ziwa Victoria. Haifai. Ufuko wao hauna kichocho.

Nieleze kidogo kwa sababu kila wiki naona mayai yake kwenye darubini. Kichocho cha tumbo kinaishi hivi: kinyesi cha mwenye ugonjwa kinaingia majini, vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo wanaokaa pembeni penye magugu na maji yaliyotulia, vinazaliana humo, halafu jua likishapanda vinatoka kwa maelfu na kutafuta ngozi. Vinapenya ndani ya dakika chache tu, hauhisi kitu. Huhitaji kunywa maji. Kuchemsha ya kunywa hakukusaidii kama mchana umesimama magotini unafua. Mtoto anakaa navyo miaka, tumbo linauma, ini linaharibika, darasani amechoka, mwalimu anamwita mvivu. Dawa ipo, praziquantel, watoto wanapewa mashuleni, ila akimeza leo na kesho akarudi kuogelea palepale tumerudi mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kuwaambia watu "ziwa linaponya", jengeni vyoo vya mwaloni. Ukitaka kulitazama litazame ukiwa kwenye jiwe kavu. Macho hayapati kichocho.

Wa Ukara

Mtu wa Maabara ameongea la mwili, mimi niongeze la moyoni. Si kila mtu akitazama ziwa anatulia. Mama yangu mdogo alipoteza mume meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Marehemu amezikwa Igoma na wenzake. Tangu hapo mama akija mjini anakaa kiti kinachotazama ukuta. Halafu 2018 ikaja ya kivuko cha MV Nyerere, pale pale kwetu, wakafa watu 228. Kisiwani kwetu ukisema "upepo mzuri wa ziwani" kuna watakaokutazama tu.

Yeye anatulia shambani. Ana migomba na mpera nyuma ya nyumba, anaweza kushinda huko anapalilia kitu ambacho hakina magugu. Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi kuhusu mti wa uani, ila tusiwapangie watu kipi kiwatulize.

Mjukuu wa Isamilo

Poleni sana Wa Ukara. Hili sikulifikiria wakati naandika, na linabadilisha namna ya kulizungumza.

Mtu wa Maabara, hatujapishana. Tena kuna sheria: ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Ukingo ule ungeachwa na miti na nyasi zake, ungechuja taka zinazoshuka milimani na mvua, na watu wangekuwa na pa kukaa bila kutia mguu majini. Sasa nendeni mkapime wenyewe hizo mita 60 kuanzia Kirumba mpaka Nyegezi. Chukueni futi ya fundi cherehani, itatosha.

Ng'wana Kwimba

Wabeja sana kwa uzi. Mnazungumza kama kutunza pori ni jambo lililoletwa na meli. Wasukuma tuna ngitili. Masika yakianza unafunga eneo, mifugo haiingii, majani yanakua, kiangazi ng'ombe wanapona. Ndani yake ndimo bibi alichuma dawa, mboga za mlenda na kuni, na sisi wachungaji tulikula matunda ya porini mpaka midomo ikawa myeusi. Kuna ngitili ya kaya na ya kijiji, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa faini na wazee.

Miti ya Usukumani ilifyekwa sana enzi za mkoloni kuua mbung'o na kupanua pamba, na kuhamia vijijini miaka ya sabini kukaziacha ngitili nyingi bila mwenyewe. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo zilizobaki zilihesabika kama hekta 600. Mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na kazi kubwa haikuwa kupanda miche. Ilikuwa kufunga na kungoja, visiki vichipue vyenyewe.

Ninachotaka kusema kwa watu wa mjini: anzeni na kuacha. Kila mlima wa mawe hapo Mwanza una mikuyu iliyojiotea kwenye nyufa, hakuna aliyeipanda wala anayeimwagilia. Mnaipiga panga mpate kuni za siku mbili, halafu mnaitisha kampeni ya kupanda miti na picha.

Kisamvu cha Nazi

Sawa nakubali yote, ila nani anajibu kuhusu nyoka? Kwetu Bugarika kila kichaka kina wake. Na pimbi, wale wa kwenye mawe, wanaota jua asubuhi wamejipanga kama wazee wa baraza, ukipita wanakutazama wewe ndiye mvamizi. Hao siwaogopi ila maharage yangu wameyamaliza.

Mwalimu Kulwa

Nyoka anafuata panya, na panya anafuata taka. Fyeka chini, acha juu. Mti wenye shina safi mpaka kimo cha mtu mzima hauna pa kumficha. Pimbi utazoea.

Sista Mstaafu

Mwalimu, kuna zahanati jirani na kwangu, ukuta mtupu, akina mama wa kliniki wanasimama juani na vichanga. Mganga wa pale amekubali tupande. Tupande nini kinachokua haraka na hakiangushi tawi juu ya mtu? Karatusi sitaki, inamaliza maji na chini yake hapakaliki.

Mwalimu Kulwa

Mwarobaini kwa upande wa jua la jioni, unavumilia ukame na udongo wa changarawe. Mjohoro unakua haraka ila upogolewe kila mwaka, matawi yake huvunjika na upepo. Ukitaka kivuli kipana chenye matunda weka mwembe, lakini mbali na bati, watoto watarusha mawe. Chimba mashimo kuanzia sasa, uchanganye udongo wa juu na samadi, upande vuli zikikolea. Kiangazi cha kwanza ndicho kinaua, hapo lazima awepo mtu mmoja mwenye jina, siyo "kamati".

Sista Mstaafu

Jina ni langu, naishi nyumba ya tatu. Mbuzi je?

Ng'wana Kwimba

Miiba. Kata matawi ya mchongoma uzungushie, hakuna mbuzi atakayesogea.

Baba Nkwabi

Miiba kwenye zahanati ya watoto wachanga? Mna akili kweli? Wavu wa kuku ninao, na nondo vipandevipande vya kushikiza vimebaki toka mwaka jana. Sista njoo dukani Nyakato, wavu ni bei ya kununulia, nondo chukua. Sikopeshi, na usafiri ni juu yenu.

Sista Mstaafu

Nakuja Jumatatu na bajaji. Mashimo tumepanga sita, nipimie wavu wa sita kabisa nisirudi mara mbili.